Jicho la Kushoto la Treni

Walimwita Treni kwa sababu njia yake ilikuwa moja: ule mstari wa kulia wa uwanja, akipanda kushambulia na kurudi kukaba, dakika tisini, miaka kumi na moja. Beki wa pembeni, ndiyo, lakini krosi zake zimezaa mabao mengi kuliko washambuliaji wenye maringo. Sasa Treni aliogopa. Tena si ule uoga wa kabla ya mechi, mnapofunga kamba za viatu. Jicho lake la kushoto lilikuwa linazimika.

Hebu fikiria mwenyewe. Akirudi kukaba, uwanja wote uko kulia kwake, anaona kama wewe na mimi. Akipanda, mpira, wenzake, wapinzani, vyote viko kushoto, upande wa ukungu. Hata mkewe hakujua. Aliyejua ni nahodha peke yake, kiungo wa kati aliyemwoa dada yake. Wakapatana kwamba nahodha, kabla ya kumpigia pasi, apige mluzi mara mbili. Miezi mitano wakaenda hivyo. Kila wiki shemeji alimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na Treni akamjibu aziuguze kwanza pasi zake, maana nazo hazijambo kidogo tu.

Kocha, asiyejua lolote, alianza kulalamika kwamba siku hizi treni haitoki stesheni. Jumamosi asipopanda, alisema, msimu ujao atafute timu nyingine.

Jumamosi uwanja ukafurika. Ngoma, mavuvuzela, kelele za kupasua masikio. Mluzi nani atausikia? Lakini kibarua kikiota nyasi, watoto watakula nini? Akapanda. Akapanda tena. Mara ya tatu akakata kuingia ndani, akiufuata mpira aliouhisi tu, wala hakumwona shemeji yake akija mbio kumsaidia. Vichwa vikagongana. Nahodha akaanguka, asinyanyuke.

Treni alipiga magoti akimwita. Dada nitamwambia nini, ndilo wazo pekee lililomzunguka kichwani. Walipomlaza kwenye machela, shemeji alifumbua macho akamshika mkono.

“Mwambie kocha,” alisema. “Leo.”

Akaenda hadi benchi, akiyapanga maneno njiani.

“Imekuwaje pale?” kocha aliuliza.

“Kelele tu, kocha. Mimi niko sawa.”

“Haya,” kocha alijibu. “Pokea maji unywe.”

Treni akanyoosha mkono wa kulia, akapapasa hewa. Akatazama chini, akatazama kwenye benchi. Hakuona chupa yoyote.

“Iko hapa,” kocha alisema taratibu, na kitu cha baridi kikamgusa shavu la kushoto. “Nimekunyooshea tangu ulipofika.”