Kwaresima Bila Nazi

Mwaka wa kwanza baada ya kubatizwa nilitaka kufunga Kwaresima ya kusemwa Bagamoyo nzima. Wenzangu kanisani waliacha vitu vyepesi: huyu sukari ya chai, yule ugoro, mwingine maongezi ya barazani. Mimi nikatangaza mbele ya akina mama wote kwamba naacha nazi. Wakaguna. Nimezaliwa upande wa Mbegani, na kwetu hata majani ya kunde hayaliwi bila tui. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Ilikuwa kabla ya uhuru, na mume wangu alifanya kazi shamba la mkonge, akija mwisho wa mwezi. Niliishi na mama yake, mtu mzima sana, Mwislamu wa swala tano, meno yamembakia machache. Mwanawe alibatizwa alipokuwa shule ya misheni, naye mama akasema Mungu ni mmoja, yakaisha.

Basi nikaining'iniza ukutani mbuzi ya kukunia nazi, tukaanza kula chukuchuku: muhogo wa maji na chumvi, kunde za maji na chumvi, samaki wa maji na chumvi. Siku za mwanzo mama alikula akamaliza. Baadaye akawa anasema ameshiba kabla hajafika nusu ya sahani. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii saumu umefunga wewe, au umetufungisha sisi?"

Nilikasirika. Sikumjibu, maana mkwe hajibiwi, lakini masufuria siku hiyo yaliipata. Kanisani, kwa upande wao, walinipokea kama malkia. Akina mama walinishika mkono baada ya misa: hongera, nyumba yako nzima imefunga! Sifa zile zilikuwa tamu kuliko tui lenyewe. Nikawa nahudhuria misa za alfajiri hata siku za kazi, ili nizisikie tena.

Ijumaa moja nilirudi kutoka Njia ya Msalaba nikamkuta mama ukumbini na sahani yake ya mchana. Hakuniona. Alikitafuna kipande cha muhogo, akakizungusha mdomoni, akakizungusha tena, kisha akakitoa kimelowa na kukifunga kwenye pindo la kanga yake nisije nikakiona. Mle pindoni vilikuwemo na vingine. Bangili iliyokuwa ikimbana mkono sasa ilicheza.

Niliona haya, nikasimama pale pale mlangoni. Nilikumbuka Ramadhani iliyopita, nilipougua homa. Bibi huyu, amefunga, koo kavu, alinipikia kila mchana uji wa tui. Hakuonja hata tone. Aliniletea kijiko kitandani: "Onja chumvi, mwanangu, mimi nimefunga." Na hakumwambia jirani hata mmoja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Chakula kizuri, nimeshiba."

Nikaenda kuishusha mbuzi, nikaikalia, nikaanza kukuna. Nilijua ninachokitupa. Mkwaruzo wa mbuzi na harufu ya tui haviishii uani kwako, na majirani zangu wengi walikuwa wa kanisani. Haukupita muda, nikasikia hodi. Akaingia mama mmoja wa kanisani, mwenye mdomo kuwashinda wote, akanikuta nakamua tui, viganja vimejaa machicha.

"Makubwa!" akasema. "Kumbe sisi tumefunga, mwenzetu umeshafungua?"

Neno moja tu lingeniokoa: nampikia mama. Lakini mama alikuwa nyuma ya pazia, anasikia, na neno hilo lingetembea mji mzima, kwamba mkwe Mwislamu ndiye aliyemkatiza mwenzake Kwaresima. Ulimi uliniwasha. Nilimwomba Mungu anifunge mdomo, maana mwenyewe nisingeweza.

"Karibu, dada," nikasema. "Kaa kitako."

Hakukaa. Alikuwa na habari ya kupeleka.

Tangu siku hiyo kanisani hakuna aliyenishika mkono. Iliniuma, sisemi uongo; nililia. Lakini kila mchana nilikuna, nikakamua, nikampikia mama kwa tui zito, na mimi nikala muhogo wangu wa maji na chumvi. Kwa kuwa sikuonja, nilimpelekea kijiko. "Onja chumvi, mama." Alikuwa akinitazama kwanza, ndipo anaonja.

Siku ya Pasaka nilirudi kutoka misa nikasikia mbuzi inakwaruza uani. Mama ameikalia mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, sufuria ya mchuzi inachemka mekoni. Nikanyoosha mkono kumpokea.

"Kaa," akasema. "Leo zamu yangu."

Akachota mchuzi, akaupuliza, akanidondoshea kiganjani.

"Onja chumvi, mwanangu."

Nikaonja. Ilikuwa imezidi.

"Iko sawasawa, mama," nikasema, nikakinga kiganja tena.