Firigisi ya Mwenye Nyumba

Tuseme ukweli mapema: Ambrosi hakuwa mtu wa kusifia chakula. Alioa, akazaa, akapasua mbao misituni mpaka mabega yakapinda, na kila jioni alirudi nyumbani kwake Uwemba, akanawa, akala, akajifuta mdomo, akasema, "Haya." Basi. Hiyo "haya" ndiyo shukrani aliyoipata Dorosela kwa ndoa nzima. Wala hakulalamika, maana sahani ilirudi jikoni imepanguswa kwa tonge la mwisho, na mpishi hahitaji hotuba zaidi ya hiyo.

Na alichopika hakikuwa cha ajabu. Ugali wa dona, maharage yaliyoungwa kwa kitunguu na mafuta ya alizeti, majani ya maboga yenye karanga za kutwanga. Msimu wa viazi, viazi. Siku za ukungu mzito, ule ambao hata ng'ombe hataki kutoka zizini, alibandika kande tangu asubuhi juu ya kuni za miti ya miwati, na ikifika jioni mahindi yamelainika kiasi kwamba kibogoyo angekula akaomba tena. Kwa baridi ya Njombe, mtu akishakula vile anaona kesho anaweza kuamka.

Ubaya ulianza kwa kicheko. Jioni moja walikuwa wamekwisha kula na vyombo vimeoshwa, Dorosela akanyanyuka, akabandika maji ya ugali.

"Unamsongea nani tena, Mama Oliva?" Ambrosi akauliza.

"Wewe, nani mwingine? Au umekula kwa Feliciana?"

Feliciana ni jirani yao, mjane, na utani wa namna hiyo ulikuwepo siku zote. Ambrosi akacheka. Akacheka peke yake. Ugali ukaja, na maharage yale yale yamepashwa moto, na mkewe akakaa mbele yake akimtazama, anasubiri aanze. Angefanyaje? Mwanamke aliyemlisha tangu ujana wao, amwambie usoni kwamba ameanza kupotea? Akala. Akasema, "Haya," akaenda kulala tumbo limekaza kama ngoma.

Ikawa mtindo. Si kila siku, lakini zilikuja wiki ambazo mzee alikula chakula cha jioni mara mbili karibu kila siku, mara ya pili akisukumia tonge kwa maji. Watu wakimwona kanisani wakamsifu. Mzee umenawiri! Mama Oliva anakutunza, wengine tunakonda! Naye alicheka nao, akishikashika tumbo, huku moyoni akiwaona wajinga wote pamoja na padri.

Krismasi ilipofika, binti yao Oliva akaja kutoka Makambako, ambako anauza mchele. Siku hiyo Dorosela alibandika sufuria ya nyama, akatoka kwenda kuchuma mboga, akasahau alichofuata. Wakamkuta ameketi ukingoni mwa shamba la viazi, na nyumbani sufuria imeungua mpaka tako. Oliva hakugomba. Alisugua sufuria kimya kimya, kisha akamwambia baba yake, "Mama nitamchukua. Kwangu kuna watu wa kumtazama, na hospitali iko karibu."

"Amechoka tu," Ambrosi akajibu. "Nani hajawahi kuunguza nyama?"

Sababu alikuwa nazo. Kwa Oliva wanapikia gesi, jiko liko ndani, na kuna binti wa kazi. Nani angemwachia bibi kizee sufuria? Atakalishwa kwenye kochi mbele ya televisheni, aletewe chakula kwenye sinia kama mgonjwa. Mwondoe Dorosela kwenye mafiga yake, kisha utafute kilichobaki. Hayo Ambrosi aliyasema kwa sauti, na yalikuwa kweli. Ambalo hakulisema ni kwamba aliogopa. Aliogopa jioni itakayokuja bila mtu wa kumwambia "karibu, kula".

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo alikuwa ameitumia mwenyewe kuwasema watu wengine. Yalipomfika yeye, akayaficha kwa mikono miwili.

Yeye ambaye hakuwahi kufunua kifuniko cha chungu akahamia jikoni. Alijifanya anaota moto. Kumbe chumvi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, akaitoa mara moja tu na kuirudisha, maana Dorosela akiachiwa kopo angetia mara tatu. Maji yakichemka, yeye ndiye anayesema, "Yamechemka." Maharage yakianza kushika chini, yeye anayaepua huku akisingizia moshi. Mwiko akampa mkononi. Na mwiko ukishaingia mkononi, ah, hapo Dorosela alikuwa Dorosela. Mikono ilisonga, ikageuza, ikakandamiza ugali ukingoni mwa sufuria, ikajua wakati wa kuacha. Ambrosi akiiangalia alipata tumaini, na tumaini likamdanganya kila jioni.

Tena kuna jambo lilimfurahisha, na hili ndilo linalouma kulisimulia. Mkewe alikuwa amerudiwa na adabu za zamani. Alianza kupiga goti akimnawisha, jagi ameshika kwa mikono miwili, kama alivyofanya mwaka ule alipoletwa kutoka Mdandu, binti mwenye haya asiyeweza kumtazama mumewe machoni. Akiandaa alisogea pembeni, akala peke yake karibu na mlango. "Baba Oliva" akaiacha. Sasa alimwita "mzee". Karibu, mzee. Ongeza mboga, mzee. Ambrosi akafikiri ugonjwa una huruma yake, umemrudishia bibi harusi wake. Mwanamume ukimheshimu haulizi sababu. Alipiga kifua mbele kidogo, akapokea maji.

Jumamosi moja Oliva akatuma ujumbe kwamba anakuja kumwona mama, atalala. Ambrosi alijua maana yake. Anakuja kupima. Basi akajiandaa kama mtu wa mtihani: kuni akazipasua nyembamba, vitunguu akavikata mwenyewe na kuvificha chini ya ungo, jogoo akamchinja na kumnyonyoa kabla jua halijatoka kwenye ukungu. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku hiyo mwenyeji aliyekuwa anatafuta kupona ni yeye.

Na mambo yakaenda. Oliva aliingia, Dorosela akamwona, akapiga kigelegele, akamsalimu kwa kilugha. "Oliva wangu! Kamwene! Mbona umekonda?" Akamjua vizuri, akamuuliza habari za watoto. Jioni akapika mbele ya binti yake, Ambrosi kando akisogeza hiki na kile kana kwamba ni mazoea yake ya miaka yote. Kuku akaungwa, ugali ukasongwa, harufu ikajaa mpaka uani kwa Feliciana. Oliva alisimama mlangoni akitazama, na uso wake ukalegea.

"Labda nilikuwa na haraka, baba," akamnong'oneza. "Mama hajambo. Mwache akae kwake."

Ambrosi aliitikia kwa kichwa. Alitoka nje kidogo, akajifanya anaangalia ng'ombe, akafuta macho kwa mkono wa koti. Ameshinda. Mkewe atabaki.

Wakakaa kula. Dorosela akapiga goti, akamnawisha mzee, akampakulia paja la kuku na ugali wa kutosha. Akampakulia Oliva. Oliva alitazama sahani ya baba yake, akaona kitu hakipo. Watu wa kule wanalijua jambo hili kabla ya kujua kusoma: firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtoto anayeila jikoni kwa siri hucharazwa fimbo, na mke anayempa mwanamume mwingine ametangaza vita.

"Mama," Oliva akasema akicheka, "leo baba umemnyima firigisi, amekukosea nini?"

"Nimnyime kwa nini?" Dorosela akaonyesha rafu kwa kidevu. Palikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. "Ya baba yako ile pale. Akirudi atakula." Kisha akainama kwa binti yake, akapunguza sauti, lakini nyumba yenyewe ni ndogo. "Huyu mzee nimempa paja. Usimwaibishe mgeni, Oliva."

Moto ulikuwa unaunguruma.

Ambrosi alitazama paja lile kwenye sahani yake. Sahani iliyofunikwa alikuwa akiiona kila jioni, siku zote alidhani ni kiporo cha asubuhi. Goti, jagi, mikono miwili, "karibu, mzee". Haikuwa bibi harusi. Ilikuwa mwanamke mwenye adabu anayemkirimu mzee asiyemjua, ambaye sijui kwa nini haondoki, huku akimngoja mume wake. Na yeye, mjinga mkubwa, alikuwa akipiga kifua mbele. Aibu ilimshika kwanza. Baada yake ikaja huzuni ambayo hakuwahi kuijua hata alipomzika mama yake, maana aliyekufa hakuambii "karibu" akiwa mbele yako.

Akainuka, akatoka.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka, na kulikuwa hakujawa giza kabisa. Alisimama karibu na zizi, akawaza kama mtu anayezama anavyowaza. Labda ni kwa sababu ananiona nimekaa tu. Labda nikiingia kama nilivyokuwa naingia. Akarudi mpaka kwenye njia, akaja akikohoa kile kikohozi chake cha vumbi la mbao, akagonga viatu kwenye jiwe la mlangoni, akaita kwa sauti ya zamani:

"Mama Oliva! Maji ya kunawa!"

Ndani kulisikika kigoda kikianguka. Dorosela akatoka mbio, kanga inaburuta, uso umemwakia kama wa msichana. Ilikuwa miaka mingi Ambrosi hajauona uso ule. Ukamtazama. Kisha ukazimika.

"Kumbe ni wewe, mzee. Nilisikia kama sauti ya mume wangu." Akachungulia nyuma yake, kwenye njia. "Hujakutana naye huko?"

Oliva alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, kiganja mdomoni. Ambrosi alimtazama binti yake, akamtazama mkewe, mwanamke anayekaa na baridi kila jioni kumngoja mtu ambaye hatakuja. Alikuwa amemng'ang'ania abaki kwake. Kwake wapi? Kwa nani?

"Nimekutana naye," akasema. "Amekwenda Makambako, kwa Oliva. Amepata kazi ya mbao huko. Amesema umfuate."

"Makambako! Bila kula?" Dorosela akashika kiuno. "Mtu yule hana akili. Oliva, tunaondoka saa ngapi?"

Baadaye, Dorosela alipolala, Oliva alilia sana. "Twende wote, baba. Utakaa na sisi."

"Ng'ombe nani atamkamua?" Ambrosi akasema, kisha akaona haya kumficha mtoto wake ukweli. "Siwezi, mwanangu. Kila jioni nikaribishwe upya, nione chakula changu kinafunikwa, ninyamaze? Siwezi. Wewe anakujua. Mpeleke."

Asubuhi gari la kukodi lilisimama njiani. Dorosela alivaa gauni la kanisani na sweta lake zuri. Begi alimwachia Oliva, hakujali ndani kuna nini. Alichobeba mwenyewe ni ile sahani, ameifunga kwa kitambaa mafundo mawili, ameipakata mapajani. Feliciana alikuja kuaga, akajaribu kumpokea aiweke chini, akakataa katakata: kitamwagika, na mume wake hapendi mchuzi uliomwagika kwenye ugali. Hilo lilikuwa kweli. Ambrosi hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote, wala hakujua kama mkewe aliligundua.

Akasogea kwenye dirisha la gari. Alitaka kumwambia kwamba chakula kilikuwa kizuri, chote, tangu siku ya kwanza. Maneno hayakujua njia ya kutokea, maana hayakuwahi kutoka.

"Haya," akasema.

Dorosela akamtazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mzee wa watu, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishikilia sahani.

"Asante kwa kutuletea habari, mzee. Karibu tena nyumbani kwetu. Ukija siku nyingine utamkuta mwenyewe."

"Nitakuja, mama," Ambrosi akaitikia, na Oliva akapandisha kioo kwa sababu ya baridi.