Bata Atabaki kwa Nani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Delmar Haugen ni kisogo chake. Katika mji wa Halvern, jimbo la Iowa, jioni watu hukaa kwenye baraza za mbele na kuwapungia mkono wapita njia, hata wale wasiowajua. Delmar alikuwa amegeuza kiti. Aliutazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe, kikombe cha kahawa mkononi, na kila gari lilipopiga honi aliinua mkono juu ya bega bila kugeuka. Nilikuwa nimekuja kuulizia chumba cha ghorofani, nikadhani mzee yule ana msiba.

"Usimsalimie huyo kwanza," mkewe, Marlys, aliniambia kutoka mlangoni. "Msalimie bata, umalize kucheka, ndipo tuongee habari za chumba."

Bata alisimama juu ya ngazi. Alikuwa bata bukini wa saruji, kimo cha mtoto wa chekechea, amevaa gauni la zambarau lenye vifungo vya dhahabu, na kofia yake, na mkoba mdogo shingoni. Bata wa saruji aliyevalishwa nguo si ajabu kule. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa naye. Ajabu ilikuwa rangi. Zambarau ni rangi ya Chuo cha Osgood, kilicho ng'ambo ya mto, na Delmar ni mtu wa Chuo cha Halvern, mtu wa kijani, tangu tumboni mwa mama yake.

Nilikipanga chumba kile miaka yangu yote ya masomo katika Chuo cha Halvern. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona, au niliyasikia kupitia sakafu ya mbao ambayo haikujua kutunza siri.

Bata alikuwa wa mama yao. Nasema "yao" kwa sababu Delmar ana dada mkubwa, Lorna, aliyeolewa Osgood na mwenye duka la matairi, akahama mto na kuhama rangi siku ileile. Mama alipofariki, ndugu hawa wawili waligawana vyombo, fanicha na picha bila neno baya hata moja, mpaka walipofika kwa bata. Hapo kila mmoja akamshika shingo. Hatimaye wakakubaliana kwamba futiboli iamue, ile ya kukumbatia mpira na kurundikana. Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika, Halvern hucheza na Osgood. Ambaye chuo chake kimeshindwa humchukua bata na kumweka mbele ya nyumba, mahali pa kuonekana na kila mtu, akiwa amevaa rangi za mshindi, mpaka mechi ya mwaka unaofuata. Mshindi ndiye mshonaji. Hushona kwa mkono wake, vazi jipya kila sikukuu, na huja mwenyewe kumvalisha. Kununua nguo hakuruhusiwi, na kumfunika bata ni haramu.

Ndiyo sababu Delmar, fundi bomba mwenye vidole kama mihogo, alijifunza cherehani. Alimpima bata shingo kwa kipimo kilekile cha kupimia mabomba. Gauni lake la kwanza, Marlys aliniambia, liliunganishwa kwa utepe wa kuzibia maji yanayovuja, na lilipita masika yote bila kuingiza tone.

Mwaka uliotangulia kuingia kwangu, mpigaji wetu aligongesha mpira kwenye mlingoti sekunde ya mwisho. Ilikuwa zamu ya Delmar kutazama ukuta, na alifanya hivyo kila jioni, baridi na joto, akisubiri mwaka uishe. Miaka iliyofuata bata alivuka mto akaenda, akarudi. Kisha, majira ya baridi ya mwaka wangu wa mwisho, bata akiwa kwetu tena katika koti la zambarau la kuzuia theluji, ikaja habari ya ligi.

Rais wa chuo, Dakta Whitcomb, alitaka Halvern ihame Ligi ya Mito, ambamo kila mpinzani hufikiwa kwa basi kabla njaa haijauma, iingie Ligi ya Tambarare, yenye vyuo vya miji mikubwa hadi Denver, na mechi zake huonyeshwa kwenye runinga. Nilimsikiliza, na haki isemwe: hakuwa mpuuzi. Mabweni yalikuwa na vitanda vitupu. Kijana wa Denver, alisema, hawezi kuomba nafasi katika chuo asichowahi kukisikia. Waliompinga walisema wachezaji watafanyia mitihani ndani ya basi. Watu wa Osgood hawakutoa hoja yoyote. Walitangaza tu kwamba Halvern ikihama, isiwatafute tena. Wao hawachezi na waliowaona wadogo.

Delmar alikuwa chini ya sinki la jikoni Marlys alipoisoma habari hiyo kwa sauti. Nilisikia kishindo cha kichwa kikigonga bomba.

"Rudia hapo mwisho."

"Osgood hawatacheza nasi tena."

"Kwa hiyo hakuna mechi mwakani."

"Hakuna mechi milele, mume wangu."

"Sasa bata ataondokaje?"

Marlys alilikunja gazeti taratibu. "Haondoki."

Simu ililia kabla hajatoka chini ya sinki. Lorna haongei na simu, huihutubia. Hata mimi ghorofani nilimsikia vizuri.

"Kaka! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimeshanunua kitambaa."

"Kiasi gani?"

"Cha maisha, kaka. Cha maisha!"

Hivyo ndivyo fundi bomba alivyogeuka mwanasiasa. Uamuzi ulikuwa wa bodi ya wadhamini, na wadhamini, kama binadamu wengine, wana masinki. Majira yale ya baridi mabomba ya Halvern yaliganda na kupasuka kuliko kawaida, na mafundi ni wachache. Delmar aliitwa nyumba moja baada ya nyingine, na katika kila nyumba alifunga koki kuu kwanza, akafungua mdomo baadaye.

Bi Thora Lindquist, mkongwe wa bodi, aliisimulia mwenyewe zamu yake, kwenye kahawa ya baada ya ibada. Alikuwa anakanda unga wa pai, mikono imegandwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Delmar, maji yatarudi lini?"

"Mabomba, Mama Lindquist, ni kama ligi," sauti ilitoka chini ya sinki. "Haya yamezoeana. Ukianza kuunganisha la hapa na la Denver, presha inakataa."

"Nimekuuliza maji."

"Fikiria watoto wale, mama. Usiku kucha kwenye basi, asubuhi mtihani wa kemia."

"Delmar Haugen, mimi nilikufundisha shule ya Jumapili. Unayasema haya kwa ajili ya watoto, au kwa ajili ya bata?"

"Bata hana uhusiano."

"Vizuri. Fungua koki."

"Ana uhusiano kidogo."

Bi Thora alisema alicheka mpaka unga ukamwingia puani. Lakini hakumwambia atapiga kura upande gani.

Siku ya mkutano ukumbi wa michezo ulifurika. Delmar alivaa suti yake ya mazishi, akaikamata karatasi yake kwa mikono miwili. Alizungumza juu ya desturi, juu ya babu waliovuka mto kwa mitumbwi kwenda kushangilia, juu ya elimu. Ilikuwa hotuba nzuri, na neno bata halikuwemo. Alipofika kwenye "maadili ya jamii yetu," mtu wa nyuma kabisa alilia kama bata bukini. Kisha wa pili. Kisha ukumbi mzima, wenye kutaka kuhama na wasiotaka, walilia kwa umoja ambao mji ule haukuwa nao tangu habari ya ligi ianze. Delmar alisimama katikati ya makelele, masikio mekundu, akasubiri, akamalizia sentensi yake.

Ndipo Lorna aliposimama, katika koti la zambarau linalong'aa kama biringanya.

"Wewe mama ni wa Osgood," mwenyekiti alimwambia. "Huna haki ya kusema hapa."

"Nilizaliwa Halvern, katika nyumba ambayo bomba lake la bafuni linavuja mpaka leo, kwa sababu fundi ni mtoto wa nyumbani. Nina haki."

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akakaa.

"Mnadhani nimekuja kuwashangilia muhame," Lorna alisema. "Kweli, siku ya kwanza nilicheza jikoni. Nikamwambia kaka nimenunua kitambaa cha maisha. Halafu nikakaa kwenye cherehani, na mkono ukakataa. Nitamshonea nani kwa hasira, kama hawezi kunilipizia? Ushindi usio na marudiano ni kumla kuku, kisha kukaa bandani ukisubiri mayai."

Aliketi. Delmar hakumtazama, alikuwa anaikunja ile karatasi yake ndogo, ndogo zaidi.

Bodi ilipiga kura. Kuhama kulipita kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa ya Bi Thora.

"Maji yalinichelewea sana," alimwambia Delmar mlangoni, akamshika mkono. "Na vitanda vitupu, mwanangu, havijazwi na bata." Ila alikuwa ameweka sharti, na bodi ikalikubali: chuo kihame baada ya msimu ujao, na mechi moja ya mwisho ichezwe na Osgood, hapa Halvern, kama zamani. Osgood walinuna wiki nzima, kisha wakakubali, maana nani angekataa nafasi ya kuwa wa mwisho kucheka?

Nje, kando ya pikapu, ndugu wawili walitunga sheria mpya. Nilikuwa nimesimama na Marlys, tukijifanya tunatafuta funguo.

"Atakayeshindwa anabaki naye moja kwa moja," Lorna alisema.

"Moja kwa moja."

"Mshindi anashona vazi moja la mwisho."

"Na kuja kumvalisha?"

"Vazi moja, kuja mara moja."

Theluji ilikuwa inayeyuka mtaroni, na kila mmoja aliangalia mtaro kama kwamba una jambo la kusema.

"Labda litachakaa," Lorna alisema.

"Ukishona wewe litachakaa haraka."

"Afadhali langu kuliko lako la utepe wa bomba!"

"Lile lilidumu!"

"Ndiyo ubaya wake, kaka," Lorna alisema, akapanda gari lake na kuondoka bila kuaga.

Kiangazi chote nilisikia cherehani chini ya sakafu. Delmar alikuwa na hakika tutashinda. Mpigaji wetu mpya hakosi, aliniambia, hata ukimfunga kitambaa machoni. Alishona joho la kijani, refu, lenye kola, na hakumruhusu mtu kuligusa. Lakini Marlys aliligusa. Siku moja Delmar akiwa kazini alinishusha kutoka ghorofani, akaligeuza joho ndani nje kwenye meza ya jikoni.

"Wewe umesoma. Hebu tazama mshono huu."

Nilitazama. Mishono ilikuwa imeachana, nyuzi hazikufungwa mwisho, na chini ya bawa la kulia palikuwa na sehemu isiyoshonwa kabisa, iliyoshikwa kwa pini moja tu.

"Amekosea?"

"Huyu? Mtu anayeziba mabomba ya mji mzima?" Marlys alilirudisha joho kama alivyolikuta. "Mume wangu ameshona kitu kivuje. Mvua ya kwanza tu litaachia, na itabidi avuke mto kwenda kulitengeneza. Na ya pili. Na ya tatu." Aliipangusa meza isiyokuwa na kitu. "Usimwambie kwamba tumeona."

Sikumwambia. Sikumwambia pia kwamba wiki ile ile nilimsikia Lorna kwenye simu akimweleza wifi yake Marlys, kwa kile anachokiita kunong'ona, kwamba kile kitambaa cha maisha amekirudisha dukani na kuchukua cha bei rahisi, kile kinachopauka juani. "Usimwambie kaka," alisema, na mtaa mzima ukasikia.

Hawa ni watu wawili ambao kila mmoja anataka kushinda mpaka meno yanauma. Naomba msomaji asidanganyike. Delmar ameacha kula vitu vya zambarau, hata zabibu. Jana alimwona mpigaji wetu akishuka ngazi za maktaba huku anasoma simu, akamfokea kutoka ndani ya pikapu kwamba ashike reli ya ngazi, mguu ule si wake peke yake.

Mechi ni kesho. Nimehitimu, mizigo yangu imefungwa, na nilipaswa kuwa nimeondoka tangu Juni, lakini nani angeondoka? Leo jioni Lorna amekuja kumvua bata vazi la zambarau, kama sheria inavyotaka, maana kabla ya mechi bata hana upande. Sasa amesimama uchi juu ya ngazi, saruji tupu, mdomo umechongoka kuelekea mtoni. Lorna hajaondoka. Amesema barabara ina foleni, ingawa barabara haina gari hata moja.

Delmar ametoka na vikombe viwili vya kahawa. Ameshika kiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu katika mwaka wa bata, amekigeuza kitazame barabara. Ameburuta kingine, akakiweka kando.

"Kaa basi, dada. Kesho nitakulisha bata."

"Utanilisha nini? Mpigaji wenu ana mguu wa kuku!"

"Ngoja uone."

"Nimengoja maisha yangu yote, kaka. Naweza kungoja mpaka saa sita mchana."

Gari la kwanza limepita na kupiga honi. Wote wawili wamepunga mkono. Bata yuko kwenye ngazi, kati yao, mbele ya nyumba pikapu tayari imewekewa mkanda wa kumfungia abiria wa saruji, na huko uwanjani mtu anachora mistari myeupe upya.