Mkate wa Jibini wa Matanga ya Mama

Mama alipofariki Unguja, mimi nilikuwa Doha, naanika nguo za watoto wa Madam, nyumbani kwao Al Sadd. Kaka aliniambia kwenye simu kwamba ameshazikwa. Hilo nililikubali, kwetu maiti hangoji. Nilichoomba ni kufika kwenye hitima.

Pasipoti yangu alikuwa nayo Bwana, mume wa Madam. Alisema watoto wana mitihani, nisubiri mwezi ujao. Madam hakubishana naye. Alinikumbatia akalia. Yeye ni mtu wa El Salvador, na mamake alipokufa mwaka uliotangulia alipanda ndege siku ileile.

"Usihuzunike," akaniambia. "Mama yako tutamfanyia hapahapa, kama kwetu."

Kwao wafiwa husali siku tisa, na wageni hupewa kahawa na mkate mtamu wa jibini. Alishanifundisha kuuoka: unga wa mchele, siagi, sukari, mayai, maziwa, na jibini kavu la chumvi lililokunwa. Juu unanyunyiza ufuta. Kwa sura hauko mbali na mkate wetu wa kumimina. Lakini kwetu mfiwa haingii jikoni. Majirani ndio wanaopika, yeye anakalishwa mkekani na kubembelezwa ale.

Mimi nilioka. Siku ileile ya hitima kule Unguja, rafiki zake Madam wakajaa sebuleni, nami nikapitisha sinia.

Nilimpelekea kipande mlinzi wa getini, Mkenya.

"Leo kuna sherehe?"

"Matanga ya mama yangu."

Akaacha kutafuna. "Ngoja, siste. Wewe ndiye mfiwa, na wewe ndiye weita?"

"Ndiyo mimi."

"Na hao huko ndani wanalia?"

"Wanasifu mkate."

Alitaka kucheka, akaniona uso. "Pole sana. Hebu kalia kiti changu kidogo."

"Siwezi. Wanangoja kahawa."

Niliporudi, Madam alinikatia kipande, nikala nimesimama kando ya sinki. Nisidanganye, kilikuwa kitamu. Nilikimaliza, nikaosha sahani, nikajichukia.

Jioni kaka alipiga. Hitima imekwisha, watu wametawanyika.

"Mchana kutwa nakupigia, hupokei. Tulitaka usikie dua. Ulikuwa wapi?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa matangani?

"Kazini," nikamjibu.

"Haya," akasema, akakata simu.