Ngazi ya Fundi Asiyevuta Waya

Saa tatu asubuhi, Fundi Ngazi yuko juu ya ngazi katika sebule ya watu, bisibisi mdomoni, anagonga dari taratibu. Kazi ameshaimaliza. Simu ya mama mwenye nyumba na televisheni yake zimepatana kabla chai haijamiminwa, na video ya mjukuu anayejifunza kutembea inangoja tu kurushwa kwenye kioo kikubwa.

"Nikishuka sasa hivi ataniuliza nimefanya nini," ananong'ona fundi huyu, mwanamama wa miaka thelathini na minne. "Acha kwanza nitoke jasho."

Usimcheke. Alipoanza kazi hii ya kuunganisha simu na televisheni bila waya, alikuwa akiingia, anabonyeza, anaaga. Wateja wakamkodolea macho. Ukuta haujatobolewa, vumbi hakuna, kelele hakuna, sasa malipo ya nini? Wengi walimpa nusu ya walichopatana. Mmoja alimpa asante na ndizi mbili. Ndipo alipoazima ngazi ya baba yake. Heshima ikaja, na jina pia.

Ameruhusu siri hii iandikwe gazetini kwa sababu, anasema, wateja wake siku hizi hawasomi, wanatazama tu.

Aliyemtia hofu ni baba yake. Mzee huyo alivuta nyaya za umeme maisha yake yote mpaka magoti yalipomgomea, na kwake kitu kisicho na waya ni kiini macho. Ngazi aliitoa kwa sharti moja: itumike kwa kazi ya kweli. Binti aliitikia, ndiyo Baba. Alijua siku mzee akigundua, ngazi itarudi nyumbani na imani yake kwa bintiye itakwenda nayo.

Siku yenyewe ilikuwa wiki iliyopita. Fundi alikuwa amejirekodi juu ya ngazi ili amchekeshe dada yake. Jioni, akiwa jikoni kwa baba yake, akaifungua ile video aitazame. Alisahau kwamba aliwahi kuijaribu simu yake kwenye televisheni ya mzee, mzee akiwa amelala, na vyombo hivyo viwili havikuwa vimesahauliana. Simu ikawa bubu mkononi. Sauti yake ikavuma sebuleni: "Dada, nimemaliza zamani, huku juu napunga upepo tu!"

Alipofika huko, mzee alikuwa ameshika tama mbele ya binti aliyejaa kioo kizima, juu ya ngazi anayoijua vizuri. Akaomba irudishwe mwanzo. Akaitazama tena. Fundi anasema alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ngazi umeiegemeza vibaya," mzee akasema hatimaye. "Utavunja shingo kwa kazi ya uongo. Na mbona chini hakuna mtu?"

Ndiyo maana asubuhi hii ngazi haitikisiki. Mzee aliyeishika kwa mikono miwili, ndani ya ovaroli iliyomlegea, ni huyo baba yake.

Mwakani Fundi Ngazi anataka kufungua kibanda, na kwenye kibao jina la baba litangulie. Mzee hajakubali. Bado anasema ni kiini macho.

"Mimi nilitaka aseme tu kwamba hii ni kazi," anasema binti.

Mama mwenye nyumba anatokea na sinia la chai. Mzee anainua uso, anaitazama dari isiyo na waya hata mmoja.

"Vuta kidogo, mwanangu," anasema. "Bado kidogo."

Binti anavuta.