Aliyeitika Jina la Marehemu

Nakumbuka asubuhi moja kule Katuba, mwanangu, na nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Nilikuwa msichana mkubwa, simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia mtaani. Baba yetu, mzee Kalenga, tulikuwa tumemzika, na wazee wamekwisha kumpyanisha kaka yangu Ilunga: walimvika koti la marehemu, wakamkalisha kwenye kiti chake, wakampa jina lake. Kwetu, aliyepyana ndiye marehemu. Mama mwenyewe akawa anamwita Kalenga. Na kaka akaanza kukohoa kama baba. Sisemi alijifanya, nasema alikohoa.

Asubuhi hiyo mtu wa mahakama alisimama mlangoni na karatasi.

"Kalenga iko?"

"Ni miye," kaka akaitika, akaipokea.

Shangazi akamnyang'anya, akaitia kwenye mbabula ya makaa. Karatasi inayomwita maiti, alisema, hailali ndani ya nyumba. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani kati yetu angelijua hilo?

Haukupita muda wakaja watu kupima nyumba. Mahakama imekwisha kuhukumu, walisema, itauzwa kwa deni la baba kwa mfanyabiashara mmoja wa Kipushi. Deni haliozi, mwanangu, hata mwenye nalo akioza. Mama hakuwa na pengine pa kulala.

Jirani yetu, mzee wa reli, alinikuta nalia akanikaripia: "Utapigana na karatasi haujaiona? Enda ku grefe, uombe kopi."

Grefe ni ofisi ya mahakama inayotunza hukumu. Nikaenda mjini, nikataja jina la baba, nikalipa, nikaambiwa nirudi, nikarudi tena na tena. Mwishowe karani akanipa kopi ya hukumu yenye muhuri, nikaisoma nimesimama ukumbini. Ndani yake yule mtu wa mahakama alikuwa ameandika kwamba karatasi aliikabidhi mikononi mwa Kalenga mwenyewe, mzee mwenye mvi na kikohozi.

Kaka yangu hakuwa na unywele mmoja mweupe.

Tuliipeleka kopi hiyo kwa hakimu, pamoja na cheti cha kifo cha baba. Hakimu akamuuliza kaka, "Unaitwa nani?" Kaka akakohoa kile kikohozi, macho yake hayatujui, nami nikaogopa kuliko nilivyoogopa makaburini. Ndipo mama akasimama.

"Mutoto yangu," akasema, "sema jina yako."

"Ilunga," kaka akasema, akalia. Mama naye alilia, maana siku ile alifiwa na mumewe mara ya pili. Hakimu alikubali kwamba karatasi ilipelekwa kwa mtu aliyekwisha kufa, na nyumba haikuuzwa. Deni tulilipa polepole, sisi watoto.

Basi sikia, mwanangu. Karatasi ya mahakama usiichome wala usiifiche. Ikipotea, wahi grefe uombe kopi kabla siku za kupinga hazijaisha, uisome neno kwa neno: inamdai nani, alipewa nani, lini. Wafu wako waheshimu, hata makoti yao vaa. Lakini mbele ya sheria itika jina lako tu, kwa sababu mtu anaweza kupotea ndani ya jina la mwingine, nimeona.

Mungu akupe nyumba isiyogombaniwa, na kila utakapoitwa, akukute ndani yako wewe mwenyewe.