Moshi wa Pikapu ya Mama

Mtaa mzima ulimwita Dizeli, na hata mkewe alipomkasirikia alimwita hivyo hivyo. Jina lilimganda kwa sababu hakugusa gari la petroli. Ukimletea, alilitazama kwa huruma na kusema, "Hilo mpelekee kinyozi." Gereji yake ilikuwa uwanja wa mchanga ulioshiba oili, paa la mabati upande mmoja, na shimo la kukagulia magari ambalo alilichimba yeye na mdogo wake enzi zile walipokuwa bado wanasemezana.

Waliacha kusemezana baada ya mama yao kufariki. Mama ndiye aliyeuza kiwanja chake ili wanawe wanunue pikapu ya kuvutia magari mabovu, wafanye kazi pamoja. Alipozikwa tu, mdogo mtu akaondoka na pikapu na funguo zote, akaanza kubebea watu mchanga na matofali. Dizeli hakwenda kudai. Alisema hawezi kugombea bati na mtu aliyenyonya naye ziwa moja. Watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Hawakujua jinsi alivyogeuza shingo kila injini ile ilipopita barabara kuu, wala jinsi alivyokosa hamu ya chakula siku hizo.

Asubuhi moja akausikia mlio ule ukiingia uwanjani kwake. Nyuma yake likafuata wingu jeusi lililokwenda kukaa juu ya mashuka ya jirani kwenye kamba. Jirani akatoka mbio, akawatukana wote waliokuwapo na wengine ambao hawakuwapo. Mdogo mtu akashuka. Alikuwa ameota kitambi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Dizeli hakujua mikono aiweke wapi, akaifuta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

"Gari la mama linakufa, kaka. Mafundi wamenichosha. Nikasema, acha nirudi nyumbani."

Neno lile, nyumbani, lilimwingia Dizeli kuliko alivyotaka. Akakimbilia kazini ili asionekane.

"Linatoa moshi muda wote?"

"Likisimama si sana. Nikikanyaga mafuta, hasa mlimani, nyuma huoni mtu."

Dizeli akaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, akakitazama. Masizi makavu, hakuna unyevu wa oili. "Injini yenyewe nzima," alisema. "Haya ni mafuta yanayotoka bila kuungua vizuri. Ama mafuta yamezidi, ama hewa haitoshi."

Akafungua chujio la hewa, akalikuta jipya. Akamwambia mdogo wake aingie ndani akanyage mafuta, naye akapitisha vidole taratibu kwenye mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Kwa chini, karibu na kibano, pumzi ikampiga vidoleni. Mpira ulikuwa umechanika mahali ambapo jicho halifiki. Injini ikitulia, ufa ulijifumba. Ikikanyagwa, ulifunguka na hewa yote ikapotelea nje.

Hapo angeweza kuishia, lakini akainama kwenye pampu. Lakiri ya kiwandani ilikuwa imekatwa, na skrubu ya kupimia mafuta ilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Nani kagusa hapa?"

"Fundi mmoja. Gari lilikosa nguvu, akasema analiongezea."

"Gari linakosa pumzi, yeye analishindilia chakula!" Dizeli akacheka kwa mara ya kwanza, na mdogo wake akacheka naye, kicheko kile kile cha puani walichorithi kwa mama.

Mpira mzima ulikuwapo, kwenye pikapu mbovu aliyoiweka nyuma ya uwanja kwa ajili ya vipuri. Aliufungua, akaufunga kwenye gari la mama, kisha akarudisha skrubu ya pampu kidogo kidogo. Kila akiigusa, walitoka kwenda kujaribu gari mlimani, wakarudi, akaigusa tena. Safari ya mwisho walipanda mlima wote na kioo cha nyuma kikabaki kinaonyesha barabara tupu. Mdogo mtu akampiga begani.

"Kaka, mkono wako haujapotea. Jumapili nakuja na shemeji yako na watoto. Watoto hawawezi kukua hawamjui baba yao mkubwa."

"Mje," alisema Dizeli.

Jumapili mkewe alifagia uani mapema, akaazima viti, akapika kama watu wa harusi. Dizeli alivaa shati lenye kola na kukaa karibu na mlango. Chakula kikapoa, kikapashwa, kikapoa tena. Simu ya mdogo wake iliita tu bila kupokelewa. Watoto wa Dizeli walipoanza kulia njaa, mke akapakua bila kuuliza mtu.

Jumatatu pikapu ilikuja. Dizeli alitoka shimoni mbio, grisi hadi viwikoni, tayari amekwishasamehe. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mwanamume asiyemjua.

"Wewe ndiye kaka yake?" mgeni aliuliza kwa adabu. "Ameniambia gari likinisumbua nije kwako, utanihudumia kama ndugu."

"Umelinunua lini?"

"Tulikuwa tumeshaelewana zamani. Nilimwambia tu aondoe moshi kwanza. Kweli ameuondoa, na Ijumaa akanikabidhi."

Dizeli alifunua boneti, akakagua oili na maji, akamwonyesha mgeni wapi pa kutazama na kila baada ya muda gani. Mgeni hakuwa na kosa. Alipoondoka hakuacha hata uzi wa moshi, na jirani mwenye mashuka akapiga makofi.

Mdogo mtu alipiga simu baada ya siku kadhaa.

"Kaka, usinikasirikie. Ningekwambia nauza, ungekataa kulitengeneza."

"Nisingekataa," alisema Dizeli. "Ungesema nauza, nina shida, ningelitengeneza vile vile, na mpira ningekupa. Jumapili uliitaja ya nini?"

Mdogo wake akasema mtandao unasumbua, simu ikakatika.

Jioni mkewe alimuuliza kama ndugu yake ameeleza. Dizeli akasema ameeleza, kisha wakala chakula. Ndugu hao wawili walionana tena kwenye msiba wa shangazi yao. Walipeana mikono mbele za watu, wakaulizana habari za watoto, kila mmoja akajibu hawajambo, na kila mmoja akaenda kukaa upande wake.